Fundo la Tumbaku

Shangazi ndiye aliyelipata. Tulikuwa chumbani kwa baba, mtaani Umoja, Nairobi, juma moja baada ya kumzika, tukitenga mashati ya kupeleka kanisani na yale yaliyochakaa mno hata kwa sadaka, mara nikasikia amenyamaza. Shangazi si mtu wa kunyamaza. Nilipogeuka alikuwa amesimama kando ya kabati, koti kuukuu la udereva la baba limemlalia mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha mbali na mwili wake. Vidoleni alishika kitambaa kidogo, kilichokuwa cheupe zamani na sasa kina rangi ya chai, kimefungwa fundo na kuzungushiwa uzi mweusi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini hiki ni nini. Alikuwa ameshajijibu, niliona usoni. Kaka yake, mzee wa kanisa, mtu aliyeshika funguo za sanduku la sadaka miaka nenda miaka rudi, kumbe alitembea na kitu cha kufungwafungwa mfukoni. Alisema tukichome kabla mtu mwingine hajakiona, tena tukichomee nje, halafu tumwite mchungaji aje aiombee nyumba.

Nilikichukua mkononi mwake. Kabla sijakifikisha puani harufu ilishanifikia, hafifu na kavu, yenye ukali kidogo nyuma yake. Ilikuwa ya tumbaku, udongo na majivu. Nikakaa kitandani kwa baba. Mimi ni mwanamke mzima, nimeoza binti, na siku ya mazishi sikutoa chozi, watu wakanisema. Pale kitandani nililia hadi shangazi akazidi kuogopa, akidhani kile kitu kimeanza kazi.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Umoja ilivyokuwa mpya. Kuta bado zilinuka rangi. Hapakuwa na mti wa kukalia chini yake, na mstari wa mwisho wa nyumba ulipokwisha, mji nao ulikwisha. Kule mbele ilikuwa nyasi na ule udongo wetu mweusi, ambao mvua ikinyesha hukuvua viatu na kubaki navyo. Mama ndiye aliyeichagua nyumba, kwa sababu nyuma ya jikoni palikuwa na kiwanja kidogo, ukutani pana bomba, na yeye alitaka mahali pa kupanda sukuma wiki. Hakuwahi kuzipanda. Alikwenda hospitali asubuhi moja akiwa amevaa leso kichwani, akaniambia nisimwage maziwa.

Siku hizo mtoto hakupelekwa mazishini, wala hakuambiwa kitu. Nililala kwa jirani yetu, Mama Wanjiru, siku kadhaa. Alinipa soda na mkate wa siagi siku isiyo ya sikukuu, nami nikaona nimebahatika. Niliporudi nyumbani, nguo za mama hazikuwapo kwenye kamba wala kwenye misumari ukutani. Niliambiwa amesafiri. Nikaangalia ile misumari mitupu na nikaamini, maana mtu anayesafiri huenda na nguo zake.

Baba alikuwa dereva wa lori, Nairobi hadi Mombasa na kurudi, na safari moja ilimaliza juma zima. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kama ilivyo kwetu Wakamba hakuniita kwa jina, aliniita mama. Akiingia mlangoni, huku akivua viatu, alisema, mama, umekula? Nyumba nzima haikuwa na mama, ila mimi. Nilikuwa sijafika hata umri wa kung'oka meno ya mbele.

Nikisema nilikuwa mpweke, simaanishi nilikosa watoto wa kucheza nao. Umoja ilijaa watoto. Lakini kwenye kalongolongo, tulipopika matope kwenye vifuniko na kugawana baba na mama, mimi nilipewa kila mara kuwa mgeni. Mgeni hukaribishwa, hunywa chai ya uongo, kisha huaga. Na jua likianza kushuka, akina mama waliita kutoka milangoni, kila mmoja na mwito wake, watoto wakaondoka mmoja mmoja wakiburuta miguu na kunung'unika. Nilibaki na vifuniko vya matope. Niliwaonea wivu hata kwa kugombezwa.

Ndipo akaja Susu. Kwa Kikamba susu ni nyanya, na huyu alikuwa mama yake mama. Baba alimleta kutoka milimani, upande wa Kitui, na mzigo wake wote ulikuwa kikapu kimoja na mkebe wa mafuta ya kupikia aliousafirisha mapajani njia nzima, akikataa usiwekwe nyuma na mikungu ya ndizi. Ndani ya mkebe mlikuwa na mmea. Nilitarajia ua. Niliona kitu kifupi chenye majani mapana yenye manyoya, yanayonata vidoleni kama yamepakwa asali mbovu, na harufu ya kukufanya urudi nyuma hatua. Baadaye ulitoa vimaua vya manjano yaliyopauka, vidogo, visivyojitangaza.

Ilikuwa tumbaku ya mwitu. Susu alikasirika sana ukiichanganya na tumbaku ya shambani inayouzwa sokoni kwa vishada. Ile, alisema, ni ya wavutaji. Hii haipandwi na mtu. Huota yenyewe kwenye nyufa za mawe, mwaka mmoja uione, miaka mingine usiione, na hata huko kwao waliojua mahali pake walikuwa wamebaki wachache na hawaambiani. Aliuhamishia mmea wake nyuma ya jikoni, kando ya bomba, pale pale mama alipopangia sukuma. Baba aliutazama, akamtazama mama mkwe wake, akaingia ndani. Alikuwa ameokoka tayari, lakini hakuwa mjinga.

Basi nikawa mtu mwenye kazi. Nilimfuata Susu kila aendako. Majani ya chini yalipoanza kuzeeka aliyachuma, akayaanika juu ya paa la choo, akayakaanga polepole kwenye kigae, kisha akayasaga kwenye jiwe pamoja na magadi mpaka yakawa ugoro laini wa kahawia. Aliuhifadhi kwenye kipembe cha ng'ombe chenye kizibo cha ngozi. Siku ya kwanza nililamba kidole kilichougusa. Nilitapika chai yote ya asubuhi, dunia ikazunguka, naye akanikalisha kivulini akinipepea na kucheka. Aliniambia hii ni dawa ya nje, haiingii tumboni, na nisirudie tena. Hakuna aliyehitaji kunikumbusha.

Dawa ilikuwa kweli. Jipu lilibandikwa jani lililopitishwa juu ya jiko la makaa, likafungwa na kitambaa, na asubuhi limepasuka. Maji yaliyolowekewa majani aliwasugulia watoto wenye chawa, akawaosha upesi kabla hayajawachoma, na mengine akamwaga kuzunguka ukuta ili nyoka wa kwenye nyasi wapotee njia. Mwenye sikio linalomuuma alilazwa pajani pake. Susu aliwasha jani kavu, akavuta moshi mdomoni na kuupuliza taratibu sikioni, na mtoto aliyekuja akipiga kelele alilala hapo hapo. Akina mama wa kanisani waliosema tumbaku ni ya shetani waliingia kwa mlango wa jikoni, watoto mgongoni, wakatazama pembeni wakati moshi unapulizwa.

Kulikuwa na sharti moja. Susu hakuchuma jani kimya. Aliinama, akaushika mmea kwenye shina, akautajia jina la mgonjwa na kinachomuuma, ndipo akachuma. Sikio la Wanjiru. Jino la bwana wa duka. Nilimuuliza sababu, akasema mmea wa mwitu hauna mwenyewe, kwa hiyo lazima ujue unaenda kwa nani. Hilo nililielewa barabara. Nilielewa kwamba ukitaja jina la mtu mbele ya tumbaku ile, kinachomsumbua kinaondoka.

Na jioni, kazi ikiisha, alikaa juu ya jiwe karibu na bomba, akanusa ugoro wake, akapiga chafya moja ya nguvu. Kisha alichota kidogo kwa ncha za vidole, akaumwaga chini, kwenye shina la mmea, akitaja majina kwa Kikamba cha pole pole. Majina mengi sikuyajua. La mwisho nililijua. Alisema, Mumbua, mwanangu, shika. Mumbua ni mama.

Nilipolisikia mara ya kwanza, nilihisi joto kifuani ambalo sikuwa nalo tangu ile asubuhi ya leso na maziwa. Hatimaye palikuwa na mtu anayefanya jambo. Baba hakumtaja kamwe. Mama Wanjiru akiulizwa aligeuza maneno. Lakini Susu alimwita kila jioni, waziwazi, na kumpelekea kitu huko safarini. Niliona ni suala la kungoja tu. Nilianza kukaa karibu na dirisha la mbele kila baada ya ile chafya, nikitazama njia. Wanjiru aliniuliza siku moja, "Kwani mathe yako atakam lini?" Nikamjibu kwa madaha kwamba nyanya yangu anamuita mama kila jioni, kwa hivyo si mbali. Wanjiru alikuwa na siri ya kulinda, maana mama yake alishamwonya. Alinitazama, akanipa nusu ya andazi lake, na sikujua kwa nini.

Mvua za masika zilipoanza, baba alichelewa. Alikuwa ameahidi Jumamosi. Ilipita, na Jumapili ikapita, tukaenda kanisani bila yeye. Susu alisema barabara imeharibika. Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo, na alikuwa ameacha kunitania, kwa hiyo nilijua kuna neno. Nilianza kupiga hesabu yangu ya kitoto. Kila jioni Susu aliwaita watu wote hawa wa mbali, na hata siku moja hajamwita baba. Si ajabu basi kwamba baba haji. Alikuwa anasahauliwa.

Jioni ile Susu alikuwa ndani akichemsha githeri, mahindi na maharagwe. Mvua ilikuwa imepumzika, na mwanga ulikuwa ule wa manjano unaokuja kati ya mvua mbili. Kipembe kilikuwa dirishani. Nilikichukua, nikakaa juu ya jiwe lake, nikatoa kizibo na kuchota kwa vidole vyangu kama yeye. Sikunusa, nilikuwa nimejifunza. Nikamwaga kwenye shina na kusema kwa sauti, ili kusiwe na makosa, Kioko, baba yangu, shika, rudi.

Sikumsikia akitoka. Susu alikuwa mtu wa kutembea akijishika kiuno, lakini aliivuka ile hatua kutoka mlangoni kama msichana, akapiga magoti kwenye matope, nguo na yote.

"Umemuita nani?"

"Baba," nikasema. "Ndio akuje haraka. Wewe humuitangi. Unaita tu wengine."

Hakunigombeza. Alianza kuukwangua ule ugoro kutoka chini, kwa kucha, pamoja na udongo mweusi ulioganda nao, akautia kiganjani chembe kwa chembe, akitafuta hata pale ambapo macho yangu hayakuona kitu.  Nikaogopa, nikasema kwamba sikuupoteza mwingi.

"Hii hapewi mtu ambaye atarudi," alisema, bila kuinua kichwa.

Nilifikiri kuhusu hilo. Ninakumbuka nilifikiri taratibu kabisa, nikitazama ule mkono ukikwangua. "Na mama unampatianga," nikasema. "Kila siku."

Susu aliacha kukwangua. "Ee," alisema. "Kila siku."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Sijui kama alinuia. Aliketi pale pale kwenye matope, akanivuta mapajani, mkono mmoja umefumba ule udongo, mwingine unanishika kichwa, na githeri ikaungua mpaka jirani akaja kuuliza kunanuka nini. Sikulia sana. Nilikuwa na hofu iliyokuwa kubwa kuliko kilio. Mama ameondoka moja kwa moja, na mimi, kwa mkono wangu na kwa sauti kubwa, nimempeleka baba huko huko.

Siku zilizofuata sikutoka nje. Wanjiru alinipigia mluzi dirishani, sikwenda. Lori lolote lililonguruma upande wa barabara lilinifanya nishike ukingo wa meza. Nilipolala nililala karibu na mlango. Susu aliniambia ameichukua yote, hakuna hata chembe iliyobaki chini, na kwamba waliolala hawapokei kutoka kwa mkono uliokosea njia. Nilitaka kumwamini. Lakini nilikuwa nimetoka tu kugundua kwamba watu wazima huniambia mambo ya kunituliza.

Baba alirudi asubuhi moja, mchafu wa grisi hadi masikioni, na gunia la mkaa begani. Lori lilikuwa limezama tope karibu na Mtito Andei, daraja limekatika, na hakukuwa na njia ya kutuma habari. Akasema, mama, umekula? Nilimshika mkono nikaubonyeza, nikamshika tumbo, nikamwambia ainame nikamshika uso. Alicheka kwanza, halafu akamwangalia Susu, akaacha kucheka.

Walikwenda nyuma ya jikoni wawili. Nilisimama mlangoni. Susu alimweleza kwa maneno machache, kisha akatoa kifundo cha kitambaa cheupe, alichokikata kwenye leso yake ya kanisani na kukifunga na uzi mweusi, ule ugoro aliokwangua ukiwa ndani. Alimwambia amepewa mapema na mtoto. Maadamu yuko hai kisimwagwe, kisitupwe, kisichomwe, kikae naye. Nilimngoja baba aseme jambo la wokovu. Alikuwa nayo mengi, na Susu alishayasikia. Aliligeuza fundo kiganjani, akalitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Kisha akasimama mbele ya mmea huku mikono imemlegea, na nikaona mabega yake yanatikisika, na Susu akamgeuzia mgongo ili amstahi.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulizungumza juu ya mama. Hatukuzungumza, wala siku ile wala miaka iliyofuata. Baba alijua kwamba ninajua, nami nilijua kwamba anajua, tukaishi nyumba moja tukiwa wapole mno mmoja kwa mwenzake, kama wapangaji. Susu alizeeka akarudi kwao milimani, na huko akalala. Mmea wake ulidumu msimu mmoja bila yeye, ukakauka na mbegu zake, ndogo kuliko vumbi, zikaenda na upepo. Nimeutafuta. Nimeulizia masokoni, nikaonyeshwa vishada vya tumbaku ya kawaida na watu walioapa kwamba ni ile ile. Nilivishika, vidole havikunata.

Na lile fundo nililisahau. Niliamini baba alilitupa dirishani mwa lori, kabla hajafika Athi River.

Hayo yote nilimweleza shangazi, nikiwa nimekaa kitandani na lile koti magotini. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi. Nikamwonyesha mfuko wa ndani. Koti halikuwa lile la enzi zile, lilikuwa la nne au la tano tangu hapo, kwa hiyo kila alipovua moja na kununua jingine alilihamisha, mzee wa kanisa, mkono wake mwenyewe. Sidhani aliamini kama Susu alivyoamini. Nadhani nilimpa, naye akatunza alichopewa na mtoto wake, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Shangazi alipangusa macho kwa moja ya mashati ya sadaka. "Basi hatuchomi," akasema. "Na mchungaji tusimsumbue."

Jumamosi tulikwenda Kangundo, alikozikwa baba, sisi wawili. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujatulia, mwekundu, na kaburi la mama kando yake lilikwisha kulingana na ardhi zamani. Uzi ulikuwa mgumu, nikaukata kwa meno. Ndani palikuwa na unga wa kahawia uliochanganyika na udongo mweusi wa Umoja, kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Nilipiga magoti. Shangazi alitazama kando, kama akina mama wa kanisani walivyotazama kando, lakini hakuondoka.

Niliumwaga wote upande wa kichwa chake, mweusi juu ya mwekundu, nikasema kama nilivyosema siku ile, kwa sauti, Kioko, baba yangu, shika. Neno la mwisho, lile la kumtaka arudi, nililiacha.